Anayepanda mngazi hashuki kwa kuruka

Kila mkaaji wa Nyangwe amekwisha kuona mtu anayekata ngazi. Anazungusha mkanda kwenye mti, anapanda hatua kwa hatua mpaka juu, anakata mkungu, unaanguka chini. Kazi imekwisha. Lakini hata kama kazi imekwisha, hakuna mwenye akili anayeruka kutoka juu. Anashuka kwa mkanda uleule aliopandia, na anashuka kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mwili umekwisha kuchoka.

Kuna dawa ambayo watu wengi wa kusini mwa Maniema wanapanda nayo miezi, wengine miaka, na kisha siku moja wanaruka. Dawa hiyo ina majina mengi. Wengine wanaijua kama deksa, kwa jina refu deksametazoni. Wengine wanaijua kama prednizoloni. Zote ni za jamii moja, jamii ya kotizoni. Madaktari wanaitoa kwa mtu wa pumu kali, kwa mwenye rimatisme inayovimbisha viungo vya mikono na magoti, kwa mtoto ambaye figo zake zinapoteza nguvu na mwili wote unavimba, kwa magonjwa fulani ya ngozi, na kwa mgonjwa wa ukoma ambaye mishipa yake ya fahamu imeanza kuwaka. Wachuuzi nao wanaitembeza sokoni kama dawa ya kunenepesha, bila karatasi na bila swali.

Mwito wa maandishi haya ni mmoja. Mtu aliyemeza dawa hii kwa muda mrefu asiikate kwa siku moja. Na kama ameikata kwa siku moja, mara nyingi kosa si lake. Ni la yule aliyempa vidonge bila kumwambia namna ya kushuka, na la wote wanaopanga misaada ya wakimbizi kana kwamba watu wanakimbia na malaria na njaa tu, bila magonjwa waliyokuwa nayo tangu zamani.

Inafaa kwanza kuelewa namna jambo hili linavyokwenda ndani ya mwili. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Tezi hizo mbili zinatengeneza kila siku maji fulani yanayoitwa kotizoli. Ndiyo yanayosaidia mwili kusimama asubuhi, kushika presha ya damu, kulinda sukari ya damu mtu asipokula, na kupambana wakati wa homa, wa jeraha, wa uzazi. Kiasi ambacho mwili unatengeneza kwa siku kinakaribiana na kile kilicho ndani ya kidonge kimoja cha prednizoloni cha miligramu 5. Deksa ni kali zaidi: vidonge viwili vidogo vya nusu miligramu vinakwisha kupita kiasi hicho.

Sasa, mtu akimeza kila siku zaidi ya kile ambacho mwili wake unatengeneza, ubongo unaona kwamba kazi imekwisha kufanywa na mwingine. Unaacha kuamuru zile tezi. Zikikaa bila kazi majuma matatu, manne na zaidi, zinalala. Zikikaa miezi, zinalala usingizi mzito na hata zinapungua ukubwa. Hapo ndipo hatari inapokaa: siku vidonge vinapokatika, mtu hana kotizoli ya kidonge, na hana ile ya mwili wake. Tezi haziamki kwa kupigiwa kelele. Kuna watu ambao zinawachukua majuma, na kuna ambao zinawachukua mwaka mzima.

Mtu wa namna hiyo anaonekana namna gani? Anakosa nguvu mpaka kuinuka kwenye mkeka ni kazi. Kichwa kinazunguka akisimama. Tumbo linauma, anatapika, hataki chakula. Misuli na viungo vinamuuma. Sukari na presha vinashuka. Akipata homa ao akiumia wakati huo, anaweza kuzimia na kufa. Kila anayesoma hapa anajua jina ambalo familia itatoa kwa dalili hizo: malaria. Kwa hiyo anapewa dawa ya malaria. Asipopona, wanasema ni sumu. Na akifa, pengine kutatafutwa nani kati ya majirani aliyemloga. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa anameza deksa na aliiacha lini.

Jambo hili si geni kwa waganga wa dunia. Mwezi wa Septemba 1948, kule Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotizoni kwa mara ya kwanza mama mmoja aliyekuwa amelemazwa na rimatisme. Kisha siku chache alitembea. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Lakini miaka michache tu kisha ushangilio huo, madaktari walianza kuandika habari za wagonjwa waliokufa wakati wa upasuaji ao mara baada yake, kwa sababu kotizoni yao ilikuwa imesimamishwa mbele ya kupasuliwa. Tangu wakati huo sheria inajulikana: dawa hii ikimezwa kwa muda mrefu, inashushwa kidogo kidogo. Ni elimu ya zaidi ya miaka 70. Haifai iwe bado haijavuka Lualaba.

Kama ingekuwa ni elimu tu inayokosekana, ingekuwa rahisi. Hapa kwetu kuna jambo lingine: kukimbia. Tangu miaka mingi wakaaji wa Salamabila na vijiji vinavyozunguka mgodi wa dhahabu wa Namoya, ndani ya Kabambare, wamekimbia zaidi ya mara moja juu ya mapigano ya jeshi na Mai-Mai Malaika. Wengine walikwenda Kabambare, wengine upande wa Kasongo, wengine walilala porini. Anayekimbia risasi anabeba mtoto, sufuria, pengine nguo moja. Habebi plaketi ya vidonge. Na akiibeba, ina vidonge sita ao saba.

Tuchukue mfano, si wa mtu fulani, lakini wa hali ambayo kila muuguzi ataitambua. Mama ana rimatisme ya kuvimba mikono. Tangu mwaka mmoja anameza prednizoloni vidonge vitatu kila asubuhi, na juu ya vidonge hivyo anaweza kulima, kutwanga mihogo na kuteka maji. Usiku mmoja kijiji kinakimbia. Siku ya nne vidonge vimekwisha. Siku ya saba anafika pahali watu wamepokelewa, kwa jamaa ao ndani ya darasa la shule. Anatapika, hana nguvu. Kwenye kliniki ya muda wanampima malaria. Kama kipimo kinaonyesha hapana, wanampa maji ya chumvi na sukari na dawa ya tumbo. Hakuna anayemuuliza swali ambalo lingeokoa maisha yake: "Mama, mbele ya kukimbia, ulikuwa unameza dawa gani kila siku?"

Swali hilo halina bei. Halingojei ndege ya shirika wala lori linalokwama kwenye tope. Mtu yeyote anayepokea wakimbizi anaweza kuliuliza, pamoja na swali la chanjo na la mimba. Kutoliuliza ni uzembe, hata kama waliochoka na kazi hawatapenda neno hilo.

Upande wa pili ni soko. Kuna wasichana na vijana wanaotaka kunona, kwa sababu mtu mwembamba baada ya njaa ya vita anachekwa, anaambiwa ana ugonjwa. Wanauziwa deksa, mara nyingi pamoja na dawa nyingine ya kuamsha hamu ya chakula. Uso unajaa, mashavu yanakuwa mviringo, watu wanamsifu. Lakini mwili haujanenepa kwa nguvu. Umejaa maji na mafuta, huku mifupa na misuli vinakonda kwa ndani. Sukari inaweza kupanda, presha inaweza kupanda, kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Hata minyoo fulani inayoingia kwa ngozi ya miguu inaweza kuzaana ndani ya mtu anayemeza dawa hii mpaka ikamuua. Kuna pia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye kotizoni kali. Anayejipaka mwili mzima kila siku kwa miezi anaweza kulaza tezi zake vilevile, bila kumeza kidonge hata kimoja.

Msichana akisikia hayo kwenye redio, ataogopa na kutupa vidonge chooni siku hiyohiyo. Hapo ndipo mahubiri ya nusu yanapoua. Kusema "deksa ni mbaya, acheni" bila kusema namna ya kuacha ni kumwambia aliye juu ya mngazi aruke. Anayehubiri juu ya dawa hii, awe mwandishi wa habari, pasta, imamu ao muuguzi, amalize sentensi: acha, lakini shuka na munganga.

Wengine watasema kwamba ufundi wa kushusha dawa ni wa hospitali kubwa za Kinshasa, si wa kituo cha afya cha kijiji. Si kweli, na ukoma unaonyesha. Kongo ni moja ya nchi ambazo bado zinatangaza maelfu ya wagonjwa wapya wa ukoma kila mwaka. Kati yao wako wanaopatwa na moto wa mishipa ya fahamu, hata wakiwa wanameza dawa zao vizuri. Kwa miaka mingi wauguzi wa ukoma wamefuata ngazi inayojulikana ya majuma 12. Mtu mzima anaanza na vidonge 8 vya prednizoloni vya miligramu 5 kila siku, kwa majuma mawili. Kisha 6. Kisha 4. Kisha 3. Kisha 2. Kisha 1. Kila hatua ni majuma mawili, na hali ya mishipa inapimwa njiani. Mara nyingine inaonekana afadhali kurefusha. Ngazi hiyo ni ya moto wa ukoma, na mwenye ugonjwa mwingine asijipimie nayo nyumbani. Lakini inathibitisha jambo moja: muuguzi wa kijijini, mwenye daftari na kalamu, anaweza kumshusha mtu salama. Elimu imo ndani ya nyumba. Imefungiwa chumba kimoja tu, chumba cha ukoma.

Sheria kubwa za kushuka si siri. Anayemeza kwa siku chache tu, kama mtu wa pumu aliyepewa vidonge vya siku tano, kwa kawaida anaweza kumaliza na kuacha. Hatari ni kwa aliyepita majuma matatu, ao anayerudia-rudia kila mara. Kwa huyo, hatua za kwanza zinaweza kuwa kubwa kidogo, kwa sababu bado yuko juu ya kiasi cha mwili. Akikaribia miligramu 5 za prednizoloni, hatua zinakuwa ndogo na ndefu, kwa sababu hapo ndipo tezi zinaombwa kuamka. Dawa inamezwa asubuhi, pamoja na chakula. Viungo vikianza kuvimba tena ao pumu ikirudi, mgonjwa haanzi upya peke yake wala hakati tamaa; anarudi kwa munganga, na mara nyingi anapandishwa mpaka hatua iliyomfaa, anakaa hapo, kisha anashuka tena polepole.

Kuna pia sheria ya siku mbaya. Mtu aliye njiani kushuka akipata homa kali, akivunjika, akiingia kwenye uzazi ao kupasuliwa, mwili wake unaomba zaidi, si chini. Munganga anapashwa kujua hilo mbele ya yote. Na mtu huyo akitapika mpaka kidonge hakikai tumboni, ao akizimia, si wa kungojea asubuhi. Anapelekwa kwenye kituo ao hospitali, na anayempeleka aseme waziwazi: "Huyu alikuwa anameza deksa." Kuna sindano ya hidrokotizoni ya hali hiyo. Haisaidii kama hakuna aliyesema.

Kuna wenye kupinga, na hoja zao si za kipuuzi. Wa kwanza wanasema: familia iliyokimbia haina franka ya kununua chumvi, itapata wapi ya vidonge vya miezi mitatu? Ni kweli. Lakini prednizoloni si dawa ya matajiri. Imo ndani ya orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, na ni kati ya zile za bei ndogo. Ngazi nzima ya majuma 12 iliyotajwa hapo juu inaomba vidonge 336 vidogo. Aliye na vidonge vitatu kwa siku anaomba vichache kuliko hapo mwanzoni. Kinachokosekana mara nyingi si bei, ni mtu wa kuweka dawa hiyo kwenye hesabu wakati wa kuagiza. Shirika linalopanga sanduku la dawa kwa wakimbizi bila kuuliza wangapi wana pumu, rimatisme ao ugonjwa wa figo, limehesabu nusu ya watu.

Wa pili wanasema: muuguzi mmoja ana wagonjwa arobaini mlangoni, hana saa ya kufuata mtu mmoja miezi mitatu. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kwingine kuliko Kasongo. Kuanzia mwaka 1971, Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp na waganga wa Zaire walijaribu hapo, kwenye kazi iliyojulikana kama Projeti Kasongo, fikra iliyokuwa bado changa: kituo kidogo karibu na watu, chenye muuguzi anayewajua, kinachofungamana na hospitali moja. Yaliyoonekana Kasongo yalisomwa mbali, na katika miaka ya 1980 nchi nzima iligawanywa katika maeneo ya afya. Maana ya mpango huo ni kwamba mgonjwa si mpita njia. Ana fishi, anarudi, anafuatwa. Kushusha kotizoni hakuombi mashine. Kunaomba hiyo fishi na siku ya kurudi. Watu wa Kasongo hawapashwi kufundishwa na wengine jambo ambalo wengine walikuja kujifunza kwao.

Wa tatu wanasema: afadhali mtu aache sumu leo kuliko kuimeza miezi mingine mitatu. Hao wanasahau kwamba miezi mitatu ya mwisho si miezi ya kumezeshwa sumu. Ni miezi ya kuurudishia mwili kazi yake.

Basi kila mmoja ana sehemu yake. Wenye farmasi na wachuuzi waache kuuza deksa ya kunenepesha. Na anayekuja akisema anaimeza tangu miezi, wasimfukuze tu, wamtume kwenye kituo. Wakuu wa maeneo ya afya ya Kasongo, Kunda, Kabambare na Saramabila wachukue ujuzi wa wauguzi wa ukoma wa kushusha dawa na kuufundisha kwa wauguzi wote. Wanaopokea wakimbizi waongeze lile swali moja. Reko wanaopita nyumba kwa nyumba waliulize vilevile, kwa sababu familia nyingi zilizokimbia hazikai kambini. Ziko nyumbani kwa watu, na hazionekani.

Na familia yenye mgonjwa wa siku nyingi ifanye jambo dogo leo, mbele ya usiku wa kukimbia. Iandike kwenye karatasi mistari mine: jina la dawa, miligramu ngapi kwa siku, tangu mwezi gani, na hatua ambayo mgonjwa amefikia. Karatasi hiyo ifungwe ndani ya plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi. Asiyejua kuandika atunze plaketi tupu. Jina la dawa limechapwa nyuma yake. Mtoto mmoja mkubwa ndani ya nyumba ajue maneno haya kwa kichwa: "Mama anameza prednizoloni, haifai ikatike ghafla." Vita vinaweza kumtenga mgonjwa na nyumba yake, shamba lake, hata na munganga wake. Visimtenge na habari ya dawa yake.

Anayekata ngazi akifika chini, anafungua mkanda, anapumzika, kisha anaokota mkungu wake. Hakuna anayemcheka kwa sababu alikawia kushuka. Wagonjwa wa Nyangwe, wa Kasongo na wa Kabambare wanastahili hilo pia: mkanda mikononi, na mtu chini anayewangojea.